Sababu ya Kuja: Kusalimia

Wifi yangu ana kinyongo cha miaka ishirini na sita, na anakitunza kuliko anavyotunza magoti yake. Magoti huyakumbuka yakimuuma. Kinyongo hukitoa kabatini mara mbili kwa mwaka, akakipangusa, akakibadilishia dawa ya nondo na kukirudisha chini ya mashuka. Sitanii. Ni vitabu vinne vya jalada gumu, na juu ya kila kimoja ameandika kwa wino mnene: WAGENI.

Mimi ni mke wa kaka yake, kwa hiyo kumtania ni haki yangu. "Wifi," nilikuwa namwambia, "mume wako ungemtunza hivyo, asingekukimbia."

Naye hunijibu bila kugeuka: "Mume wangu hakuwa ushahidi."

Kazi yake ni kupokea wageni, hajawahi kuwa na nyingine. Siku hizi yupo kliniki ya meno, nyuma ya meza yenye kioo, simu na kengele, na anaweza kumwambia mtu mwenye shavu lililovimba "subiri kidogo" na mtu huyo akasubiri kweli. Hakuna anayempita bila kuandika. Bomba letu lilipopasuka alimsimamisha fundi mlangoni akamuuliza anatoka wapi na amekuja kufanya nini, wakati maji yametufika vifundoni, na aliyempigia fundi simu ni yeye mwenyewe.

Ujanani alikaa mapokezi ya ofisi moja iliyotengeneza michezo ya kompyuta. Ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi: vyumba vitatu, feni moja, kompyuta sita zenye migongo mirefu. Mwenye ofisi tulimwita Marashi, maana harufu yake ilipanda ngazi kabla yake na ilibaki baada yake. Tai hakuivua hata umeme ukikatika na wenzake wakawa wanajipepea kwa mafaili.

Marashi hakutaka kuajiri mtu. Kuajiri ni mikataba, ni bima, ni likizo, ni mkaguzi wa kazi kuja kuuliza maswali. Kwa hiyo alibuni mtindo wake. Kila asubuhi, watu wote saba waliofanya kazi pale walipita mapokezi wakajiandika kwenye kitabu cha wageni: jina, anakotoka, sababu ya kuja, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Kwenye sababu ya kuja aliwaamuru waandike neno moja tu, kusalimia. Mkaguzi akipanda ngazi hakuti wafanyakazi, anakuta wageni. Walisalimia kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, siku sita kwa wiki. Wifi mwenyewe alijiandika mgeni wa kwanza kila siku, kisha akakaa kwenye kiti chake na kuanza kupokea wenzake.

Walicheka sana, walikuwa vijana. Mume wangu, mmoja wa wale saba, akirudi nyumbani aliniambia, "Leo nimesalimia mpaka vidole vimekufa ganzi." Mimi nami nilicheka. Ningejua, ningempanda Marashi kichwani siku ile ile.

Mchezo wenyewe uliitwa Tarishi, na mume wangu aliutengeneza peke yake, kuchora na kuandika programu, miaka miwili na miezi minne. Kuna mtu mdogo mwenye mkoba wa barua, na kuna jengo lenye milango mia moja. Anapeleka barua mlango kwa mlango, na kila mlango una balaa lake: mbwa, mwenye nyumba mkali, beseni la maji linalomwagwa bila kuangalia. Alichora nukta kwa nukta, pua ikigusa kioo. Sauti ya mlango kufungwa aliirekodi kwenye mlango wa choo cha ofisi, ule uliokuwa mzito na unajibamiza wenyewe. Mlango wa arobaini na saba alimweka dada yake. Ukiufungua unamkuta mapokezi, anakuambia "subiri kidogo", na unasubiri dakika nzima, hakuna cha kubonyeza kitakachokusaidia. Wachezaji walimlaani wifi yangu bila kumjua.

Mchezo ulinunuliwa sana. Kwenye boksi liliandikwa jina la Marashi, kubwa, na la mtu mwingine yeyote halikuwepo.

Kisha macho ya mume wangu yakaanza kumsumbua. Aliona duara la mwanga kila taa ilipo, halafu pembeni pakawa giza. Daktari alisema ni presha ya macho, apasuliwe haraka, na hospitali yake itampokea kwa bima ya kazini. Kilichotakiwa ni barua ya mwajiri, mistari mitatu tu, kwamba huyu ni mfanyakazi wangu.

Nilikwenda naye mwenyewe. Marashi alitusikiliza huku anakunja na kukunjua kipande cha karatasi. Halafu akaita mapokezi, "Hebu lete kitabu!" Wifi akaja nacho. Marashi akakifungua mbele yetu, akaweka kidole kwenye jina la mume wangu, akafunua ukurasa baada ya ukurasa, siku baada ya siku.

"Soma," alimwambia. "Au macho hayaoni? Nitakusomea. Mgeni. Sababu ya kuja, kusalimia. Sasa mimi nikuandikie barua ya kazi, kwa kazi gani? Nashukuru kwa salamu, bwana. Pole kwa macho."

Akacheka. Nasema alicheka, nilikuwepo, niliona meno. Wifi alikuwa amesimama pembeni mikono mitupu, kwa sababu kitabu alikuwa amekileta yeye. Kila akikumbuka siku ile hasemi "Marashi alimfanyia kaka hivi". Husema, "Nilimpelekea kisu kwa mikono yangu."

Jicho la kushoto lilizima kabla ya mwaka kwisha. La kulia lilifuata miezi minane baadaye. Tangu hapo nyumba hii inakula kwa cherehani yangu na mshahara wa wifi, na mume wangu anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, ananihesabia vifungo kwa kuvipapasa. Hakosei.

Ofisi ilikufa miaka mitatu baada ya hapo. Marashi alimwamuru wifi ateketeze karatasi zote uani, nyuma ya duka la matairi. Alichoma risiti, alichoma barua, alichoma hata kalenda. Vitabu vinne aliviweka chini kabisa ya kapu, juu yake akaweka kanga yake kuukuu, akapita mbele ya Marashi na kumuaga vizuri. Kwenye kitabu cha nne alikuwa ameshajaza saa yake ya kutoka.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alikuja mwanasheria. Binti mdogo, viatu vya chini, faili kifuani. Kampuni yake inafufua michezo ya zamani ili ichezwe kwenye simu na kompyuta za sasa, na watu waliocheza Tarishi utotoni, sasa wana vitambi na upara, walikuwa wanaudai usiku na mchana.

"Kufufua mchezo kiufundi ni wiki tatu," alitueleza. "Ruhusa ndiyo inatuua. Mchezo mmoja muziki ni wa huyu, picha za yule, mwenye kampuni alishafariki na watoto hawaelewani. Tunayo mizuri mingi kabatini, haitatoka mpaka kiama. Huu wenu una bahati, mwenyewe yupo hai na ameshatia sahihi."

"Mwenyewe nani?" nikauliza.

Akamtaja Marashi. Cherehani yangu ikasimama yenyewe.

Kumbe wakubwa wa binti huyu walimwomba Marashi mikataba ya kuthibitisha kwamba aliyetengeneza mchezo alikuwa mwajiriwa wake. Hakuwa nayo, angeitoa wapi? Basi akasema mtengenezaji yupo hai, mpelekeeni karatasi asaini tu, ni mtu mpole. Binti akaisoma: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba katika kipindi chote kilichotajwa nilikuwa mfanyakazi wa kudumu wa kampuni ya..."

Sikusikia mwisho wake. Ile barua! Barua ile ile, mistari mitatu, tuliyoiomba hadi magoti yakakaribia kugusa sakafu, sasa imeandikwa vizuri, imepigwa mhuri, imeletwa mlangoni, kwa faida yake. Nilitamani kuichana vipande na kumlisha mtu.

Mume wangu akanyoosha mkono. "Nionyeshe pa kusaini."

"Hutasaini!"

"Mama watoto, nikifa kitabaki nini? Mchezo ule umelala miaka yote hii. Nataka watu waifungue ile milango. Jina la boksi liwe la nani, mimi silioni."

Hilo la mwisho lilinikata maini. Nikachukua simu nikampigia wifi, nikamwambia maneno mawili tu: "Leta vitabu." Nasikia alimwacha mtu na jino lake, akapita kwake kubeba kapu, akapanda pikipiki yeye ambaye hajapanda pikipiki tangu nimjue, akaingia anachechemea. Hakumsalimu binti. Alipanga vitabu mezani, cha kwanza hadi cha nne, akasema, "Soma, mwanangu. Anza popote."

Binti alisoma. Mwanzoni alikuwa anatabasamu kwa adabu. Baadaye akavua saa yake ya mkononi, nadhani ilikuwa inamsumbua kufunua kurasa. Aliuliza, "Huyu ndiye yeye? Kila siku?" Wifi akajibu, "Kila siku. Na sahihi ya Marashi ipo chini ya kila ukurasa, alikuwa anakagua jioni."

Hapo binti akafunga faili lake. Alituambia sheria kwa maneno mepesi: alichotengeneza mwajiriwa ni cha mwajiri, lakini alichotengeneza mtu asiye mwajiriwa ni chake mwenyewe, mpaka atie sahihi ya kukitoa. Na Marashi, kwa mkono wake, kurasa mia saba, amethibitisha kwamba mume wangu hakuwa mwajiriwa hata siku moja. Mchezo ni wa mgeni.

Nilipiga kigelegele, majirani wakadhani kuna posa.

"Ila kuna tatizo," binti akasema. "Jina. Tarishi kama jina limesajiliwa kwake, na analilipia mpaka leo. Yeye hawezi kutoa mchezo bila ninyi, ninyi hamwezi kutumia jina bila yeye. Wakubwa wangu wanataka jina. Msipoelewana naye, mchezo utarudi kabatini na ile mingine, na safari hii sidhani kama utatoka."

Binti akaondoka. Wifi alitaka mchezo ufe kuliko Marashi aupate. Mimi nilikuwa upande wa wifi, lakini nilimtazama mume wangu pale dirishani, vidole vyake vinachezacheza kwenye mkono wa kiti, na nikajua vinabonyeza nini. Alikuwa anapita milango, mmoja baada ya mwingine.

Marashi alikuja Jumamosi, saa nne asubuhi, mwenyewe, bila wakili. Harufu ilibisha hodi kwanza. Amezeeka, tai bado ipo shingoni. Wifi alikuwa amesogeza meza yangu ya kukatia nguo hadi mlangoni, ameketi nyuma yake na kitabu cha nne amekifungua kwenye ukurasa mweupe, ukurasa unaofuata siku ya mwisho ya ofisi.

"Dada wa mapokezi!" Marashi akapanua mikono. "Hujabadilika hata kidogo!"

"Andika," wifi akamwambia.

"Bado mna mambo haya?" Akacheka, akanitazama mimi akitafuta msaada. "Shemeji, hebu mwambie..."

"Ushemeji umetoka wapi?" nikamuuliza. "Andika."

Aliinama, akashika kalamu. Jina, akaandika. Anakotoka, akaandika. Saa ya kuingia. Kwenye sababu ya kuja mkono ukasimama. Nilimwona anapima. Alishaambiwa vitabu hivi vimemfanya nini, hakutaka kuongeza neno litakalomrudia. Akiandika "kuomba", ameomba. Akiandika "mchezo", amekiri. Basi akachagua neno salama kuliko yote, neno alilolibuni mwenyewe, akaliandika haraka, akatia sahihi na kuingia ndani kwa kifua mbele.

Alikaa bila kukaribishwa. Akaanza kumpaka mume wangu mafuta kwa mgongo wa chupa. Oh, kipaji chako. Oh, wewe ulikuwa kama mdogo wangu. Tuzike ya zamani. Jina lako litakuwepo, nakuahidi, chini ya langu. Wewe sema tu ulikuwa mwajiriwa wangu, mimi natoa jina la Tarishi, mchezo unatoka, kila mtu anafurahi. Kwani tunagombea nini sisi wazee?

Mume wangu alimsikiliza hadi mwisho, uso umegeukia dirishani. Nilikuwa naogopa. Namjua, ni mtu wa kusamehe, ni ugonjwa wake. Na nilijua akimfukuza huyu, mchezo nao unaweza kwenda na maji.

"Dada," akaita. "Sababu ya kuja ameandika nini?"

Wifi akachukua kitabu, akakisogeza mbali kidogo na macho yake maana miwani aliiacha kliniki. Akasoma kwa sauti ile ile ya mapokezi: "Kusalimia."

Marashi akafungua mdomo.

"Basi ameshasalimia," mume wangu akasema. "Nashukuru kwa salamu, bwana. Mjazie saa ya kutoka."

Wifi akatazama saa ya ukutani na kuandika. Saa nne na dakika kumi na moja. Marashi alinitazama, akamtazama wifi, akamtazama mume wangu ambaye hakuweza kumtazama, na nadhani hilo ndilo lililomshinda. Alinyanyuka. Ngazi zetu ni nyembamba, aliteremka ameshika ukuta. Sikumshika mkono. Ningeweza.

Nasema wazi: nilifurahi, na sijutii. Lakini ile furaha iliondoka jioni ile ile, tukabaki na kungoja. Wiki tisa. Mume wangu hakulaumu, hakuuliza. Wifi alianza kuleta matunda kila siku, na yeye si mtu wa kuleta matunda. Siku moja alikaa jikoni kwangu akasema, "Wifi, kama nimemnyongea mchezo wake kwa kinyongo changu, usinifiche." Nikampa viazi amenye.

Binti alirudi wiki ya kumi, viatu vile vile. Wakubwa wake walikuwa wameuliza wachezaji wa zamani kama wangenunua mchezo ukiwa na jina lingine. Majibu yalikuja kwa maelfu: jina gani? Wengi hata hawakukumbuka neno Tarishi. Walipokuwa watoto waliuita Milango Mia, ndivyo walivyouita uani, ndivyo walivyouita shuleni. Jina alilolishikilia Marashi miaka yote, akililipia kila mwaka, hakuna aliyekuwa analitumia.

Leseni ilikuwa kurasa kumi na nne. Binti alimsomea mume wangu zote. Jina lake litatokea kwanza, peke yake, kwa herufi kubwa. Alipomaliza akamuuliza kama ana sharti lolote la kuongeza, na mpole wangu, mtu wa kusamehe, akasema analo moja. Alilieleza polepole. Binti aliandika kichwa kikiwa chini, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Ndicho kifungu cha saba.

Mchezo umetoka. Ukiufungua, kabla hujapewa mkoba wa barua, unamkuta wifi yangu mapokezi na kitabu. Anakuuliza jina, anakuuliza sababu ya kuja. Andika upendavyo: kucheza, kupeleka barua, kupoteza muda, utapita. Lakini ukiandika kusalimia, anakuambia "umeshasalimia", anajaza saa ya kutoka, na mlango unakufungia usoni. Wachezaji wanadhani ni utani. Wanatumiana, wanaambiana jaribu kuandika kusalimia uone. Wanafukuzwa kwa maelfu kila siku na hawajui wanafukuzwa kwa niaba ya nani. Yupo mmoja anayejua.

Vitabu vipo kabatini bado, wifi hataki kuvitoa. Macho hayakurudi, wala hakuna aliyesema yatarudi. Mume wangu yupo kwenye kiti chake, mimi nipo kwenye cherehani na simu ipo katikati yetu. Mara kwa mara ananiomba niandike lile neno. Naandika. Mlango wa choo cha ile ofisi unajibamiza, mzito, vile vile alivyourekodi alipokuwa anaona.

"Rudia," ananiambia.

Narudia.